Lipeni Kabla Mifugo Haijafa: Barua ya Wazi kwa Bunge kutoka Garissa

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Maseneta,
Majengo ya Bunge, Nairobi.



Nawaandikia kuomba jambo moja. Msaada wa chakula kwa wananchi wa Garissa, Wajir na Mandera uwe haki iliyoandikwa katika sheria, uwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, na ulipwe mapema, ng'ombe akiwa bado anasimama kwa miguu yake. Kwa sasa hulipwa baada ya tangazo, na tangazo hutoka baada ya mizoga kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Mambo yakishafika hapo, mfugaji hana tena cha kuokoa ila roho yake na za watoto wake, na hata hizo hazisalimiki zote.

Mimi ni mwenye duka mjini Garissa. Nauza unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na majani chai, na wateja wangu wengi ni watu wa mifugo kutoka Balambala, Lagdera na Fafi, na wengine huvuka daraja kutoka Madogo. Sikusomea uchumi wala lishe. Lakini mwenye duka katika mji wa wafugaji huiona njaa kabla ya daktari, kwa sababu huisoma katika daftari la madeni.

Huanza hivi. Mzee aliyezoea kuuza mbuzi sokoni kisha akaondoka na gunia la unga na sukari kilo kumi, siku moja anachukua nusu. Mwezi unaofuata anaomba aandikiwe. Halafu ngano ya kupikia mkate wa anjera inaachwa, unabaki unga wa mahindi peke yake. Mafuta yanapimwa kwa kikombe. Sukari inashuka hadi robo, na ukiona familia ya wafugaji inapunguza sukari, jua hali imekuwa mbaya sana, maana maziwa yameshakauka na ile chai ya rangi ndiyo inayowashikilia watoto hadi jioni. Kisha simu zinaanza kupigwa kutoka Saka na Shantabaq: niandikie tena, mvua za Deyr, yaani vuli, zikinyesha nitalipa. Zisiponyesha, ukipiga ile namba haipatikani.

Kule soko la mifugo nako bei zinapishana. Msimu ukiwa mzuri, mbuzi mmoja aliyenona humpa mwenyewe karibu gunia zima la mahindi. Ukame ukikaza kila mtu anataka kuuza, wanunuzi wanapungua, madalali wanapita katikati ya mbuzi wakiwabonyeza mbavu na kutikisa kichwa, na mbuzi watatu hawalifikii gunia lile lile kwa sababu mahindi yamepanda. Mfugaji huuza madume kwanza. Ukimwona ameanza kuleta mitamba na mbuzi wenye mimba, ujue ameshika akiba ya mwisho, anauza maziwa ya mwaka ujao. Msaada ulitakiwa uwe umeshamfikia wiki hiyo. Shilingi elfu chache zingetosha kumrudisha nyumbani na mitamba yake. Zikija miezi minne baadaye zitamlisha, lakini mfugaji hatakuwa tena, atakuwa mtu anayelishwa.

Haya yote Serikali inayajua. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 zilizo kame na nusu kame. Humo mna hali ya malisho ilivyopimwa na setilaiti, mwendo wa kwenda majini, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, na vipimo vya mikono ya watoto wadogo. Kila kaunti hupewa daraja lake, kuanzia kawaida, kisha tahadhari, kisha hatari, hadi dharura. Ni kazi nzuri, na yanayoandikwa humo hufanana sana na yaliyomo katika daftari langu. Upungufu ni kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu yeyote Hazina ya Kitaifa kutoa shilingi moja kaunti inapoandikwa tahadhari. Maafisa wanaandika barua, barua inangoja mkutano, mkutano unangoja ziara, ziara inangoja tangazo, na ng'ombe hawezi kungoja hata kimoja kati ya hivyo.

Mnakumbuka mwaka 2011. Dalili za ukame ule zilitangazwa tangu Agosti 2010. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, na fedha nyingi za dunia zikaja baada ya tangazo hilo, karibu mwaka mzima tangu onyo la kwanza. Huku tuliona kambi za wakimbizi za Dadaab zikifurika watu waliotembea kwa wiki nzima na zaidi wakiwa wamebeba watoto. Tuliona pia Wakenya wakichanga kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyovuka lengo lake la shilingi milioni 500. Wenzetu wale, wengi wao hawajawahi kukanyaga Garissa, nawashukuru hadi leo. Mwaka huo huo NDMA ikaundwa, na baadaye Serikali ikaahidi kwamba kufikia 2022 ukame hautageuka tena kuwa dharura.

Mwaka 2022 ukafika. Misimu mitano ya mvua ilikuwa inakosekana mmoja baada ya mwingine, kuanzia Deyr ya 2020 hadi Deyr ya 2022. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, wakati misimu miwili ilikuwa imeshapita bure na majike yameshauzwa. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini. Mwanzoni mwa 2023 watu wapatao milioni 4.4 walihitaji msaada wa chakula. Kisha mwisho wa mwaka huo zikaja mvua za El Niño, mto Tana ukafunika mashamba ya kandokando, barabara ya Madogo ikakatika, na watu waliokwisha kupoteza mifugo kwa kiu wakapoteza mahindi kwa maji.

Waheshimiwa, siwaombi mvumbue kitu kipya. Chombo mnacho tayari. Mpango wa fedha wa kukinga kaya dhidi ya njaa, HSNP, ulianza kulipa kaya maskini mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Garissa iliachwa nje kwa muda mrefu, ikaja kuingizwa katika awamu ya tatu pamoja na Isiolo, Samburu na Tana River. Kaya hupata shilingi 2,700 kwa mwezi, zinazotolewa 5,400 kila baada ya miezi miwili. Na tangu 2015 mpango huo una njia ya kujipanua: setilaiti ikionyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, kaya nyingine zilizosajiliwa lakini ambazo hazilipwi kila mwezi nazo hutumiwa fedha. Hakuna hotuba inayohitajika. Sijui njia iliyo safi zaidi ya hiyo ya kumfikia mtu aliye mbali na lami, na ninashangaa kwa nini haijawa ndiyo njia kuu ya taifa zima.

Nawaeleza ninavyoiona kutoka nyuma ya kaunta. Fedha hizo zikiingia, mama anakuja dukani akiwa mnunuzi. Anachagua. Huyu analipa sehemu ya deni ili apewe tena, yule ananunua dawa ya mbuzi kabla ya unga, na ana akili zake, kwa sababu mbuzi yule akipona ataleta maziwa. Mwingine anamlipia karo mtoto wa kidato cha pili. Mimi nikilipwa deni, naagiza mzigo Nairobi, lori linakuja, wapakuzi wanapata ujira, na bei haipandi hovyo kwa sababu bidhaa zipo. Shilingi moja ya HSNP huwa imeshapita mikono mingi ya watu wa Garissa kabla haijaondoka mjini.

Chakula cha lori ni habari nyingine. Sikidharau: penye kijiji kisicho na duka wala mtandao wa simu, au mafuriko yakiwa yamekata barabara, lori au mashua ndiyo njia pekee. Lakini nendeni siku moja mkatazame mgao chini ya mwarobaini. Chifu ana karatasi ya majina, na watu waliofika ni mara tatu ya majina. Wazee wanakaa, wanakubaliana kugawa kwa wote, kwa sababu hakuna mzee atakayeweza kula na jirani yake anamtazama. Kila mwanamke anaondoka na mahindi makavu ya kujaza kitambaa na maharagwe ya kikombe. Mashine ya kusaga iko mbali na ina bei. Maharagwe yanataka maji mengi na kuni za saa tatu, na mahali penyewe maji yanaletwa kwa lori. Mtoto wa miezi tisa hawezi kula chochote katika hivyo. Siku tatu baadaye kijiji kimerudi kilipokuwa, na katika vitabu vya Serikali imeandikwa kwamba kimesaidiwa.

Hata fedha nazo lazima zitoshe. Kiwango cha 2,700 kilifikiwa mwaka 2016. Julai 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imefika shilingi 205. Kwa bei hiyo malipo ya mwezi yananunua pakiti kumi na tatu, bila mafuta, bila chumvi, bila maji, kwa nyumba ambayo huku kwetu mara nyingi ina watu saba au wanane. Serikali ilipoona bei imewaelemea watu, ilitangaza ruzuku mwezi huo huo na kuishusha pakiti hadi shilingi 100. Ilikuwa nia njema. Wateja wangu waliniuliza unga wa mia kila asubuhi, nami nilipiga simu kwa kila muuzaji wa jumla ninayemjua, na kiasi nilichokipata hakikustahili hata kuwekwa kwenye rafu. Muda si mrefu ruzuku ikaondolewa. Ruzuku inayowekwa kwenye pakiti hununuliwa kwanza na walio karibu na kiwanda. Ikiwekwa mkononi mwa mama wa kijiji cha Benane, itamfikia mama wa Benane.

Mkulima wa Trans Nzoia hupata mbolea ya ruzuku kwa shilingi 2,500 mfuko. Sipingi hata kidogo. Mahindi yake ndiyo ninayouza. Nauliza tu ni wapi mfugaji wa Ijara ameandikiwa haki inayofanana na hiyo. Robota la nyasi humfikia kwa bahati, na bima ya mifugo ya Serikali, iliyoanza 2015 katika Turkana na Wajir, imekuwa ikija na kuondoka kadiri mradi unavyopata mfadhili. Tangu Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, uliosema fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi yenye rutuba na mvua, sisi tumezoea kuhesabiwa baadaye. Waraka ule ni wa miaka sitini iliyopita. Bajeti ni ya kila mwaka, na kila mwaka mna nafasi ya kuufuta.

Sasa niwaeleze kilichonisukuma kuandika barua hii, kwa sababu bila hicho pengine ningeendelea kunyamaza.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991. Ifo, Dagahaley na Hagadera ziko katika kaunti yetu, kwenye ardhi ya wafugaji wetu. Kila ukame ulipokuja, mwananchi aliyekuwa kijiji jirani aliona kwa macho yake kwamba ndani ya kambi mna mgao wa chakula, mna kisima, mna zahanati na shule. Kijijini kwake hapakuwa na hata kimoja kinachofanya kazi. Basi wazazi wengi walifanya ambalo mzazi mwenye njaa hufanya. Waliwachukua watoto wao, Wakenya waliozaliwa na Wakenya, wakawapeleka kambini wakaandikishwa kuwa wakimbizi, wakachukuliwa alama za vidole, wakapata kadi ya chakula. Watoto wakala, wakasoma, wakakua.

Walipotimiza miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho, na kompyuta ikajibu kwamba wao ni wakimbizi. Makumi ya maelfu ya vijana wa Garissa na kaunti jirani wamekwama hapo. Kijana mmoja anayenipakulia magunia ni mmoja wao. Hesabu za mzigo huzifanya kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo changu. Mshahara wake naupeleka kwenye simu ya dada yake, kwa sababu yeye hawezi kusajili laini. Hajawahi kupiga kura, hana akaunti ya benki, na hapandi basi la Nairobi kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Babu yake alikuwa chifu katika nchi hii.

Na tazameni fundo lilivyojikaza: bila kitambulisho huwezi kusajiliwa katika mpango wa HSNP. Aliyeuacha uraia wake kwa ajili ya mgao wa chakula, sasa anakosa msaada wa chakula wa nchi yake kwa kukosa uraia huo. Mapema 2025 Mahakama Kuu ya Garissa, katika kesi iliyohusisha shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa, iliamuru Wakenya hawa waondolewe katika orodha ya wakimbizi. Februari mwaka huo Rais William Ruto alitangaza kuondoa usaili wa ziada ambao watu wa kaunti zetu wamekuwa wakifanyiwa kabla ya kupewa vitambulisho. Ni hatua kubwa na tunazishukuru. Lakini jaji na Rais wameshughulikia matokeo. Chanzo kilikuwa sufuria tupu, nacho kiko mikononi mwenu.

Hata huo mgao wa kambini sasa si wa kuutegemea. Mwaka 2025, Marekani ilipofunga mikono, mgao wa kambi za Dadaab na Kakuma ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango cha chini anachohitaji binadamu. Wakimbizi nao wakaja kukopa katika maduka yale yale. Kwa miaka mingi Serikali zetu zilipanga mipango ya njaa zikijua kwamba Washington, London au Brussels itajaza pengo. Mtungi huo umevunjika, na huku tumeusikia ulivyovunjika kabla yenu.

Mtaniambia nchi haina fedha. Katiba haikuandikwa kwa ajili ya miaka ya neema peke yake. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Haki hiyo imewahi kujaribiwa hapa hapa Garissa. Desemba 2010 watu 1,122 wa mtaa wa Medina walibomolewa nyumba zao na kuachwa nje. Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Embu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo hiyo ya kutokuwa na njaa, na ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi 200,000. Kwa hiyo Katiba ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu ilipowasikiliza watu wa Medina. Muswada wa usalama wa chakula uliletwa Seneti mwaka 2014, ukaletwa tena 2017, na sheria yenyewe hatujaiona. Mahakama ya Embu ilikuwa na kasi kuliko ninyi.

Mtaniambia pia kwamba msaada huwafanya watu wavivu. Aliyewahi kuchota maji ya ngamia kisimani, akiimba tangu alfajiri na kupokezana ndoo ya ngozi hadi jua la utosi, hawezi kulisema neno hilo. Isitoshe, sisi tulikuwa na mipango yetu ya msaada kabla Bunge halijajengwa. Mtu akipoteza mifugo, jamaa humkopesha ngamia au mbuzi wa kukamua, anywe maziwa hadi ainuke, kisha amrudishe. Hiyo ni irmaansi. Kuna qaaraan, mchango wa ukoo. Kuna zaka. Hata daftari langu ni msaada wa aina yake, maana mengi ya madeni yaliyomo nimeshayasamehe moyoni. Mipango hii huokoa watu kila siku, na inafanya kazi mradi balaa limemwangukia mmoja na wengine wamesalimika. Ukame hausalimishi mtu. Aliyetakiwa kukopesha ngamia, ngamia wake ni mzoga. Anayechanga qaaraan mjini anachangia nyumba sita kwa mshahara mmoja. Mwenye duka naye akikopesha kupita kiasi, duka linafungwa, na kijiji kinachomtegemea kinakosa hata chumvi. Hapo pana kazi ambayo haiwezi kufanywa na yeyote ila dola, kwa sababu dola ndiyo pekee yenye mapato ya mahali ambapo mvua imenyesha.

Kuhusu wizi, sitawabishia. Majina ya marehemu na majina ya jamaa wa wakubwa yamewahi kuonekana katika orodha za mgao, na kila mtu wa huku ana hadithi yake. Dawa ni kubandika orodha ukutani, dukani, msikitini na kwa chifu, kila mtu asome nani analipwa na kiasi gani. Katika kijiji cha watu mia mbili kila mtu anajua nani ana ng'ombe sitini. Orodha isomwe mbele ya baraza, isahihishwe pale pale, na irudiwe mara kwa mara, maana mfugaji huhama, na maskini wa mwaka juzi huenda leo ana nafuu.

Majirani zetu wa Ethiopia, walio na mapato madogo kuliko yetu kwa kila kichwa, waliacha mwaka 2005 kungoja dharura na kuanzisha mpango wa kudumu unaowahudumia mamilioni ya watu kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. India ilipitisha Sheria ya Usalama wa Chakula mwaka 2013, na familia maskini sasa inaweza kudai nafaka yake kwa kuitaja sheria hiyo. Sheria hiyo ilianzia mahakamani, kwa kesi iliyofunguliwa 2001 na wananchi waliosema maghala yamejaa na watu wanakufa njaa.

Basi ninayoomba ni haya. Mfuko wa Taifa wa Dharura ya Ukame upo kisheria, na kanuni zake zilitolewa 2021. Uwekeeni asilimia maalumu ya mapato ya taifa, isiyoguswa na makadirio ya nyongeza, ili uwe na fedha kabla ya ukame. Andikeni katika sheria kwamba kaunti ikiingia daraja la tahadhari, malipo ya nyongeza yaanze ndani ya wiki mbili, na waziri asiwe na uwezo wa kuyazuia. Kiwango cha HSNP kipande kila mwaka kulingana na bei ya chakula katika masoko ya kaunti zenyewe, kwa sababu bei ya Modogashe haifanani na ya Nairobi. Mama mwenye mimba na mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili aongezewe, kwani utepe wa kupimia mkono ukishaonyesha rangi nyekundu, sentimita kumi na moja na nusu kushuka chini, kilichopotea katika mwili wa mtoto yule hakirudi chote. Chakula cha shuleni, ambacho Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliikabidhi Serikali mwaka 2018, kisikatike katikati ya muhula; huku siku jiko la shule lisipowaka, madawati huwa matupu kabla ya saa nne. Na asiye na kitambulisho kwa sababu ya kadi ya chakula ya Dadaab asajiliwe kwa ushahidi wa wazee na chifu wakati kesi yake ya uraia inamalizwa.

Wabunge na Maseneta wa Garissa, Wajir na Mandera, ninyi nawaambia peke yenu. Siku ya lori mnapiga picha nasi, na tunajua mnatuhurumia. Mwakilishi hapimwi kwa lori alilolifungua. Mnayo kura katika Bajeti na mnaweza kukataa kuiunga mkono hadi fungu hili liwemo. Wenzenu wa maeneo ya chai na sukari hufanya hivyo kwa ajili ya watu wao bila kuona haya.

Makadirio ya bajeti huletwa mbele yenu kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na husomwa Juni. Kati ya miezi hiyo miwili, Kamati ya Bajeti huzunguka kaunti kusikiliza wananchi. Ije Garissa, na isiishie kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Ifike Balambala na Hulugho siku ya soko, ikae na wanawake wanaouza maziwa ya ngamia, iwaulize mwezi gani mwaka jana maziwa yalianza kupungua na mwezi gani msaada ulifika. Mimi nitakuja na daftari langu, kurasa za kuanzia 2020, nimefuta majina na kuacha tarehe.

Wenu mtiifu,
Mwenye duka, Garissa.